Kidimbwi cha Sahani, Kidimbwi cha Soko

Matatu itokayo Kitale kwenda Bungoma, iwe imepitia Kimilili na Chwele au imezungukia Webuye, huteremka takriban mita 500 kabla abiria hajafika. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mji wa Bungoma karibu mita 1,400. Kwa abiria, tofauti hiyo ni suala la kuvua sweta. Kwa tilapia, ni suala la kuwa tayari kwa soko baada ya miezi minane au kubaki na ukubwa wa kiganja karibu mwaka mzima. Hata hivyo, mkulima wa Kiminini na mwenzake wa Bumula hupewa ushauri uleule: chimba kidimbwi cha mita 300 za mraba, tia vifaranga 1,000, lisha, vuna, uza.

Nianze na jibu, kisha nieleze sababu. Sehemu za chini za Bungoma, kidimbwi cha biashara kinaweza kulipa iwapo una maji ya uhakika, chakula cha bei ya kuvumilika na mnunuzi unayemjua kabla ya siku ya kuvuna. Kitale na viunga vyake, kidimbwi cha tilapia wa kuuza kwa kawaida kitakula pesa zako. Lakini kidimbwi cha kulisha nyumba kinafaa pande zote mbili, mradi kiendeshwe kama cha nyumba. Hasara nyingi huanza pale mtu anapochimba cha sahani akakipigia hesabu ya soko, au anapochimba cha soko akakitunza kama cha sahani.

Kuna watakaouliza kwa nini tujisumbue kuchimba ilhali mto Nzoia unapita papo hapo. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kila msimu wa mvua, samaki aitwaye ningu alipanda kutoka Ziwa Victoria kwenda kutaga kwenye mito, Nzoia ukiwemo, na watu wa kando ya maji walijua msimu wake. Katikati ya karne ya 20, nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimkamata njiani akiwa na mayai tumboni, na samaki asiyefika kutaga haachi uzao. Baadaye kikaja kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichomwaga maji yake machafu mtoni kuanzia miaka ya 1970 hadi kilipofungwa 2009, na mashamba yakalimwa hadi ukingoni. Leo mtu anaweza kukaa na ndoana kando ya Nzoia asubuhi nzima akapata wa kuonja tu. Juu zaidi, kwenye vijito baridi vya Mlima Elgon na milima ya Cherang'any, walowezi wa enzi ya ukoloni walipandikiza trauti kwa ajili ya burudani yao ya ndoana. Huyo ni samaki wa maji baridi yenye mwendo na oksijeni tele. Maji yaliyotuama ya kidimbwi cha Kitale ni ya moto mno kwake, na ni ya baridi mno kwa tilapia. Kitale imekaa katikati, mahali ambapo samaki wote wawili hawana raha.

Tilapia wa Nile, ambaye ndiye anayefugwa zaidi nchini, hukua vizuri maji yakiwa na nyuzijoto 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 22, ukuaji hupungua waziwazi. Karibu na 20 huacha kuzaa, karibu na 16 huacha kula, na yakifika 11 au 12 hufa. Sasa tazama hali ya hewa: wastani wa Kitale ni nyuzijoto 18 au 19, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Bungoma wastani ni 21 au 22, na kidimbwi kilichochimbwa mahali pa wazi, kikiota jua mchana kutwa, hupanda juu ya hapo. Baridi ya Kitale haiui samaki, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Samaki wanaonekana hai, wanaogelea, wanakuja juu ukipiga kopo, na mwenye kidimbwi anaendelea kumwaga chakula akiamini kwamba mambo yanakwenda. Ila mwili wa samaki haujitengenezei joto kama wetu, unafuata maji. Maji yakipoa, tumbo linasaga polepole, na chakula kisicholiwa kinazama, kinaoza na kumaliza oksijeni ambayo samaki wangeitumia.

Wapo wanaofuga samaki kwenye baridi na kufanikiwa, lakini tazama wanafuga nani na wanamuuzia nani. Halibut ni samaki bapa wa bahari baridi za kaskazini mwa Atlantiki na Pasifiki, na mkubwa wake hupita kilo 200. Wavuvi humtafuta kwa ndoana kwenye kina kirefu, na nchini Norwe wapo wanaomfuga. Mfugaji wa halibut husubiri takriban miaka minne au mitano kabla ya kuuza, na anaweza kusubiri kwa sababu samaki wake huishia kwenye mikahawa inayolipa bei ya juu. Mkulima wa Kitale anayelea tilapia kwenye maji ya nyuzijoto 18 anasubiri kama mfugaji wa halibut, kisha anauza kwa bei ya tilapia.

Jambo jingine linalomuunganisha halibut na tilapia ni jinsia. Kwa halibut, jike ndiye anayekua mkubwa, dume hukomaa mapema na kudumaa. Kwa hiyo wafugaji wake wametafuta njia ya kupata vifaranga wa kike watupu. Kwa tilapia ni kinyume: dume ndiye anayenenepa, jike hutumia nguvu zake kwenye mayai. Tena jike la tilapia hulea mayai mdomoni, na akiwa analea hali. Samaki huyu huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, kabla hajafika uzito wa kuuzwa, na maji yakiwa na joto la kutosha hurudia kila baada ya wiki chache. Ukitia vifaranga 1,000 wa jinsia zote kwenye kidimbwi cha Bungoma, siku ya kuvuna hukuti samaki 1,000. Unafungua maji, yanapungua, matope yanaanza kuonekana, na kinachorukaruka pale ni maelfu ya samaki wa urefu wa kidole, wazazi wao wakiwa wamekonda katikati yao. Chakula chako chote kimegawanywa kwa wageni ambao hukuwaalika.

Dawa ya hilo ipo. Vituo vya kuzalisha vifaranga huwalisha wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa takriban wiki tatu au nne, kabla jinsia haijajipanga, nao wengi wao huwa madume. Wanaoogopa homoni wajue kwamba hutoka mwilini muda mrefu kabla samaki hajafika jikoni. Njia ya pili ni kuwaweka kambare wachache, tuseme mmoja kwa kila tilapia 10 au 20, wawale watoto wanaozaliwa. Sharti kambare aingizwe akiwa mdogo kuliko tilapia, la sivyo atakula mtaji. Ukinunua vifaranga, uliza kama ni madume, na uliza wamezalishwa lini. Kifaranga mwenye miezi mitano lakini ana ukubwa wa mwenye miezi miwili si mtoto. Ni mzee aliyedumaa, na hatakua hata ukimlisha vizuri. Walaghai wa biashara hii huuza hao. Kaunti ya Bungoma ina shamba lake la samaki huko Chwele, na huo ni mlango mzuri wa kubisha kabla ya kumpa mtu wa pikipiki pesa zako.

Tufanye hesabu sasa. Bei ninazoweka ni za mfano. Chukua kalamu uweke za kwako. Kidimbwi ni kilekile cha mita 300 za mraba, vifaranga 1,000 kwa shilingi 10 kila mmoja, yaani shilingi 10,000. Bungoma, ukiwatunza, wanaweza kubaki 800, kila mmoja akiwa na gramu 300 baada ya miezi minane au tisa. Hizo ni kilo 240. Chakula kizuri kinahitaji takriban kilo 1.7 ili kutoa kilo moja ya samaki, kwa hiyo utatumia kilo 408. Kwa shilingi 130 kwa kilo ni shilingi 53,040. Ukiuza kilo kwa shilingi 400 unapata 96,000. Toa chakula, toa vifaranga, unabaki na shilingi 32,960. Hapo bado hujalipa kuchimba, chokaa, wavu, mlinzi wala nauli. Si utajiri, lakini ni pesa kwa kipande cha ardhi ambacho pengine hakikuwa na kazi.

Peleka kidimbwi hicho Kitale. Baada ya miezi ileile samaki wana gramu 150 badala ya 300, kwa hiyo una kilo 120. Chakula kimefanya kazi vibaya kwa sababu ya baridi, kilo mbili kwa kila kilo ya samaki: kilo 240, shilingi 31,200. Samaki wadogo hawachukuliwi kwa bei ya wakubwa. Tuseme shilingi 300 kwa kilo, jumla 36,000. Toa chakula na vifaranga, umepoteza shilingi 5,200, na bado mlinzi anakudai. Ukisema utasubiri wakue zaidi, unaongeza miezi ya kulisha na miezi ya wizi. Hakuna semina itakayobadilisha hesabu hii, kwa sababu haitokani na uvivu wa mkulima. Inatokana na mwinuko.

Ona kwamba katika mifano yote miwili chakula ndicho mzigo mkubwa. Hapo ndipo mpango mkubwa wa serikali ulipokwama. Mwaka wa 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, serikali ilianza kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa, maeneobunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba. Vijana walilipwa kuchimba, wakulima wakapewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Samaki wa kufugwa nchini, ambao kabla ya hapo hawakuzidi tani elfu chache kwa mwaka, walipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka wa 2014. Kisha idadi ikaporomoka. Ruzuku ya chakula ilikuwa imekwisha, kazi za ugani wa uvuvi zilikuwa zimehamia kaunti baada ya ugatuzi wa 2013, na wengi waliokuwa wakifuga kwa sababu kitu kilikuwa cha bure waliacha kilipoanza kuwa na bei. Vidimbwi vingi vikaota nyasi, vingine vikageuzwa kuwa vitalu vya nduma. Mimi siuiti mpango ule upuuzi; ulifundisha maelfu ya watu kushika wavu, na viwanda vya chakula cha samaki vilianza kupata wateja. Kasoro yake ni kwamba ulipima mafanikio kwa idadi ya mashimo.

Chakula kinaweza kutengenezwa nyumbani, na Trans Nzoia, ghala la mahindi la nchi, haikosi pumba. Pumba peke yake hazitoshi kwa samaki wa soko kwa sababu zina protini kidogo. Mchanganyiko unaojulikana ni sehemu tatu za pumba za mchele kwa sehemu moja ya unga wa omena, dagaa wadogo wa ziwani, unaokaribia asilimia 25 ya protini. Kikwazo ni omena: kila mwaka uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na bei hupanda, tena unagombania omena huyohuyo na mfugaji wa kuku, na mama anayempikia mtoto. Nunua kabla ya Aprili, uhifadhi pakavu. Jambo moja usilifanyie mzaha: pumba zilizoota ukungu. Mahindi yaliyovunwa na unyevu hubeba sumukuvu, na samaki anayelishwa hizo huharibika ini, hudumaa na hufa mmoja mmoja bila kidonda cha kuonekana. Pumba ambazo ungeogopa kumpa ng'ombe wa maziwa, usimpe samaki.

Upande wa soko, mshindani wako si jirani mwenye kidimbwi. Ni vizimba vya Ziwa Victoria, ambako maji yana nyuzijoto 25 au zaidi mwaka mzima na tilapia huwa tayari katika miezi sita hadi minane. Samaki hao wanafika Bungoma na Kitale asubuhi wakiwa kwenye barafu. Ni katoni za tilapia wa kugandishwa kutoka China, ambao mwaka wa 2018 walizua mzozo mkubwa kiasi kwamba serikali ilitangaza kuwapiga marufuku, China ikalalamika, na katoni zikaendelea kuingia. Ni mgongo wazi, yaani kiunzi cha mbuta kilichobaki baada ya minofu kwenda viwandani, ambacho mtu wa kipato cha chini hununua akapika mchuzi wa familia nzima. Huwezi kuwashinda hawa kwa bei. Unachoweza kuwashinda nacho ni upya. Samaki aliyetolewa majini akiwa mzima, mbele ya mnunuzi, hauzwi na mtu wa ziwani aliyeko zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo usivue wote kwa siku moja na kuwapeleka sokoni kwa wachuuzi watakaoona jua linakuchoma na kukutajia bei yao. Vua kidogokidogo kwa oda: mkahawa wa barabarani, shule, mama anayekaanga jioni stendi. Panga samaki wako wafikie uzito kabla ya Kwaresima, kwa kuwa majuma yale hadi Pasaka Wakatoliki wengi huacha nyama siku za Ijumaa na samaki hutafutwa. Ukifuga kambare, tambua kwanza wateja wako ni akina nani. Waadventista hawali samaki asiye na magamba, na Magharibi mwa Kenya si wachache.

Kabla ya hayo yote kuna udongo. Chukua udongo wa pale unapotaka kuchimba, kutoka kina cha kiuno, uuloweshe, ufinyange bonge la ukubwa wa chungwa, ulirushe juu na kulidaka. Likibaki zima, kuna mfinyanzi wa kutosha. Likipasuka mkononi, maji yako yatapotelea ardhini na utalazimika kununua turubai la plastiki, gharama ambayo haimo kwenye hesabu niliyotoa. Udongo wa Trans Nzoia na sehemu nyingi za Bungoma una tindikali, kama wakulima wa mahindi wanavyojua vizuri. Kidimbwi kipya kinahitaji chokaa ya shambani sakafuni na ukutani, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuingiza maji. Bila chokaa mbolea haitashika, na maji hayatageuka kijani.

Ukijani huo ndio chakula cha bure. Mwani, mimea midogo mno ya kijani, huota maji yakitiwa samadi kidogokidogo, na tilapia huula. Kipimo chake hakihitaji chombo: simama ukingoni mchana, uzamishe mkono ulionyooka, kiganja kikiwa kimefunguliwa. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kiwiko, ni sawa. Kikipotea mapema, maji yamejaa mno, acha samadi. Ukikiona hadi begani, samaki wako wana njaa hata kama umewatupia pumba. Maji yaliyojaa mno ni hatari hasa usiku, kwa kuwa mwani huo mchana hutoa oksijeni na usiku huitumia. Matokeo yake utayaona saa kumi na mbili asubuhi: samaki wamepanga midomo juu ya maji, wanahema. Wengi hudhani wanaomba chakula na kuwatupia. Hapo ndipo unapowaua. Usilishe, ingiza maji mapya, na usitie samadi kwa siku kadhaa. Kambare peke yake ndiye asiyejali sana, maana ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu.

Na maji mapya yasizidi. Kosa la kawaida la Kitale ni kuelekeza kijito kipite kidimbwini usiku na mchana, kwa kuamini kwamba maji yanayotembea ni bora. Kwa trauti ni kweli. Kwa tilapia, unaosha mbolea yako yote na kuleta baridi ya mlimani moja kwa moja juu ya mgongo wa samaki. Fidia yanayopotea tu, basi. Kitale unaweza pia kusaidia joto kwa kutandika turubai jeusi, kufyeka miti inayotia kivuli, au kusimamisha paa la nailoni kama la kitalu cha nyanya. Paa hilo hufanya kazi kweli. Ila likishaingia kwenye gharama, samaki wanapaswa kulilipa, na kwa kidimbwi kimoja ni vigumu. Adui wengine unawajua: mdiria na mnandi mchana, fisi maji usiku, kenge wakati wowote, na kijana wa jirani mwenye chandarua cha mbu. Nyuzi chache zilizokatizwa juu ya maji huzuia ndege. Kwa kijana wa jirani, njia pekee ni kidimbwi kuwa karibu na nyumba.

Hayo yote ni ya soko. Kidimbwi cha sahani kina kanuni zake, nacho ndicho ninachokitetea zaidi, hasa Kitale. Mita 100 za mraba zinatosha. Hununui chakula cha kiwandani hata gunia moja. Unatia samadi, pumba, mchwa, majani ya viazi vitamu na mabaki ya jikoni. Maji yanayomwagika unanyweshea sukumawiki, na matope ya sakafuni ni mbolea ukisafisha. Kidimbwi cha aina hii, kikitunzwa kwa samadi tu, hutoa takriban tani 1 hadi 3 kwa hekta kwa mwaka. Kwa mita 100 ni kilo 10 hadi 30, Kitale ikiwa upande wa chini wa makadirio hayo. Kilo 20 zinasikika kidogo. Lakini Mkenya wa kawaida hula samaki kilo 4 au 5 tu kwa mwaka, kwa hiyo kilo hizo ni chakula cha samaki cha watu wanne mwaka mzima, bila kufungua pochi. Na pale maji yanapokuwa na joto la kutosha, ile balaa ya kuzaana inageuka neema: sahani haijali kama samaki ana gramu 300 au 80. Wadogo hukaangwa wakakauka na kuliwa na mifupa yao, ambayo mtoto anaihitaji. Unavua jioni ya leo watano, wiki ijayo wanane, wanaobaki wanapata nafasi, na huna siku ya mavuno ya kuogopa.

Tatizo ni fahari. Mtu akishaona samaki wake wanarukaruka, anaanza kuota lori. Anaongeza vidimbwi viwili, anakopa kwenye chama, ananunua chakula cha magunia, na kile kilichokuwa kinamlisha bure sasa kinamdai. Serikali za kaunti nazo zina udhaifu huohuo. Kidimbwi cha sahani hakina picha nzuri ya kuzindua.

Kwa mtu wa Bumula, Kanduyi, Webuye au Sirisia mwenye udongo wa mfinyanzi na chemchemi isiyokauka Januari, hukumu yangu ni: anza na kidimbwi kimoja cha biashara, madume watupu, na usichimbe cha pili hadi cha kwanza kimelipa gharama zake zote, za kuchimba na za mlinzi zikiwemo. Kwa mtu wa Kitale, Kiminini, Endebess au Cherang'any: chimba kidogo, kula samaki wako, na pesa za magunia ya chakula zibaki kwenye mahindi na maziwa, ambayo baridi ya hapo inayapenda. Walio katikati, kama wa Kimilili na Kamukuywa, wasichukue neno langu wala la muuza vifaranga. Kipimajoto cha kawaida si ghali. Kizamishe hadi kina cha kiwiko kwenye kidimbwi cha jirani, alfajiri na saa tisa alasiri, kila siku kwa mwezi wa Julai. Jumlisha vipimo vyote, gawanya upate wastani. Ukiwa chini ya nyuzijoto 21, usifuge tilapia wa kuuza.